Siti binti Saad: Muuza Vyungu Aliyeimba Kesi za Wanyonge

Historia ninayotaka kukusimulia niliikuta kwenye karanga.

Bi mkubwa wangu anauza karanga na mayai ya kuchemsha hapa Chapwa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma mpakani. Karanga hufungwa kwenye karatasi yoyote inayopatikana: daftari za shule, magazeti ya zamani, kalenda za mwaka uliopita. Siku moja, miezi kadhaa baada ya mimi kumaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo si ya kusimulia mbele ya watu, nilikaa naye kufunga. Nikachana karatasi ya kwanza, nikaikunja. Ya pili nikaisoma. Ya tatu sikuikunja tena. Zilikuwa kurasa za kitabu kisicho na jalada, ambacho mama alikitoa kwenye sanduku la marehemu mjomba.

“Mama! Unafungia karanga Shaaban Robert!”

“Shaaban yupi? Yule wa mashine ya kukoboa?”

Kilikuwa kitabu cha Wasifu wa Siti binti Saad. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda zake na madereva wa malori, na labda nyingine zilifika Lusaka na Lubumbashi. Niliokoa nusu. Hiyo nusu ilininyima usingizi, na tangu hapo nimekuwa nikitafuta nusu nyingine kwa walimu, kwenye vitabu vya watu wengine na hata kwenye simu, ambako sauti ya mama huyu inasikika mpaka leo ikiwa na mikwaruzo ya santuri. Haya niandikayo ndiyo niliyoyaokota.

Siti alizaliwa kijijini Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa asili ya bara kama mimi na wewe. Hawakwenda Unguja kutembea. Kisiwa kile kilikuwa kimejaa watu waliotolewa bara kwa nguvu, wakalime mikarafuu na minazi ya wengine. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunga soko si kufunga utumwa. Aliyekuwa mtumwa aliendelea kuwa mtumwa. Sheria ya kufuta hali hiyo ilitoka mwaka 1897, na hata hapo masuria waliachwa nje mpaka mwaka 1909.

Basi mtoto yule alipozaliwa akapewa jina la Mtumwa. Hebu lisome tena jina hilo polepole. Kila aliyemwita aje kula, au aje kuteka maji, alimkumbusha alivyo. Hapa kwetu tunalia kwamba watu wanatuita majina mabaya mitaani. Yeye jina baya lilikuwa ndilo jina lenyewe.

Shule hakwenda. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye akajifunza kufinyanga. Vyungu vikishachomwa alivibeba kichwani kutoka Fumba mpaka mjini, mwendo wa kama kilomita 20 kwa miguu, akipita akinadi. Inasimuliwa kwamba watu walimsikia kabla ya kumwona. Alinadi vyungu kwa sauti iliyowafanya watu watoke milangoni hata kama hawana haja ya chungu.

Mimi habari hii naielewa kwa miguu yangu mwenyewe. Foleni ya malori inapokuwa ndefu, kuanzia mpakani mpaka huku kwetu na wakati mwingine kupita Mpemba (Mpemba ya kwetu ni kata, si mtu wa Pemba), tunatembea pembeni mwa matairi tukinadi mayai. Ukinadi kinyonge, dereva hateremshi kioo. Ukinadi kwa madaha, anateremsha, ananunua, na anataka akuone vizuri. Sauti inakulisha, na sauti hiyohiyo inakutia matatani. Nadhani Siti alilijua hilo kabla yetu sote.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko taarabu ilikuwa jambo la mabwana. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, ndiye aliyeleta muziki ule kutoka Misri na kumpeleka mtu wake huko akajifunze. Uliimbwa kwa Kiarabu, ndani ya jumba, mbele ya wakubwa. Mwaka 1905 kikaanzishwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kilikuwa cha wanaume. Mwanamke mweusi kutoka shamba, mtoto wa watumwa, asiyejua kusoma, hakuwa na kiti pale.

Lakini mtu mmoja wa muziki, jina lake Ali Muhsin, alimsikia akaona si sauti ya kuachia ipite na vyungu. Akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Siti akakutana na wanamuziki wengine, kina Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku, wakafanya kundi. Wakaanza kualikwa kwenye arusi na karamu, kisha kwa matajiri, kisha kwa Sultani mwenyewe. Ndipo jina la Mtumwa likaanguka, akaitwa Siti, maana yake bibi mheshimiwa. Jina la kuzaliwa alipewa na utumwa. La pili alilifanyia kazi.

Usidhani mji mzima ulifurahi. Watu wa mjini walimtungia wimbo wa kumsimanga: kwamba jana tu katoka shamba na kaniki yake, leo kawa mtu, na kwamba pasipo hiyo sauti angekula nini. Kaniki, kwa wasiojua, ni kitambaa cheusi cha bei ndogo, nguo waliyovaa watumwa wanawake. Wengine wakamcheka sura. Siti naye akajibu kwa wimbo, bila tusi hata moja: akauliza uzuri ni kitu gani kama si akili, maana umbo na sura havimtoshi mtu. Nasikia wazee wakisema jibu lile lilidumu kuliko masimango. Ni kweli. Wimbo wa waliomsimanga tunaukumbuka leo kwa sababu tu ulimtaja yeye.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa. Akaitoa taarabu kwenye Kiarabu akaitia kwenye Kiswahili. Si kwamba Kiarabu kilimshinda, la, alikiimba pia. Lakini nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, walikokaa wachukuzi, wafuaji, watumishi na watu walioachwa huru juzi tu, waliokuja kumsikiliza usiku walitaka kuelewa wanachoimbiwa. Na ukishaimba kwa lugha ya watu, huwezi kukwepa mambo yao. Watakuuliza: mbona hili la jana hukuliimba?

Mwezi wa Machi 1928 kampuni ya gramafoni ya His Master's Voice, ile yenye picha ya mbwa, ikamchukua yeye na kundi lake mpaka Bombay kurekodi santuri. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kampuni ilikuwa inapiga ramli tu, haikujua kama kuna mtu atakayenunua nyimbo za Kiswahili. Kumbe wapo! Hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zaidi ya 70,000. Piga hesabu: watu wangapi wakati ule walikuwa na gramafoni? Santuri moja ilisikilizwa na mtaa mzima, mkahawani au barazani. Kiswahili cha Ng'ambo kikavuka maji kikaingia bara ndani ya sahani nyeusi, bila kupita darasani.

Na ni katika siku hizohizo, kufikia 1928, wakazi wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Sisemi Siti ndiye aliyeongoza mgomo. Nasema waliogoma ni majirani zake.

Sasa naomba unisikilize vizuri, kwani hapa ndipo panaponihusu mimi.

Kuna wimbo wa Siti uitwao Kijiti. Huo sikuupata kwenye karanga, niliupata baadaye. Ni habari ya kesi ya kweli. Mwanamke mgeni alitoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua kwenda ngomani, kukawa na ulevi, na yule mwanamke, aliyekuwa na mimba, akaharibiwa na kuuawa. Kijiti akavuka bahari, akakimbilia bara. Kesi ikasikilizwa mbele ya hakimu wa wakoloni. Muuaji hayupo. Je, nani kafungwa? Wakafungwa mashahidi. Waliokuja kusema walichokiona ndio walioingia jela.

Serikali ilifunga jalada, ikaenda kunywa chai. Siti na wenzake wakalifungua upya. Wakataja jina la mwuaji, wakataja aliyekufa alitoka wapi, wakataja hukumu ilivyokwenda, kisha ikaimbwa kila nyumba. Kijiti alivuka maji, wimbo ukamfuata. Hakuna rufaa iliyokatwa mahakamani, lakini kila gramafoni ilipozungushwa mkono kesi ilisikilizwa tena, na safari hii hakimu alikuwa msikilizaji.

Aliimba pia juu ya wanaume wanaopiga wake zao, na juu ya watu wakubwa walioshikwa kwa wizi. Ilikuwa mwiko kwa mwanamke maskini kusema mambo hayo barazani. Kwa wimbo ikawa halali, maana nani atamkamata mtu kwa kuimba?

Najua kuna msomaji atakayenipinga, na haki anayo. Atasema: Siti hakuwa mpigania haki. Hakuwa na chama, hakuandika waraka, hakulala jela. Tena aliimba jumbani kwa Sultani na kupokea zawadi za mabwana walewale. Yote hayo ni kweli. Vyama vya siasa vya Zanzibar vilikuja miaka ya 1950, naye alifariki tarehe 8 Julai 1950. Huwezi kumlaumu marehemu kwa kutokata kadi.

Lakini nikamtazama mwenzake wa Marekani, Paul Robeson, mwimbaji mweusi aliyezaliwa mwaka 1898. Baba yake Robeson naye alizaliwa mtumwa. Naye aliimba mbele ya wakubwa wa Ulaya, naye akaona haiwezekani kuwaimbia watu bila kusema wanavyotendwa. Serikali yake ikamnyang'anya pasipoti mwaka 1950, mwaka uleule aliofariki Siti, ikamzuia kutoka nje mpaka 1958. Yeye alisimama jukwaani akahutubia, Siti alikaa kwenye mkeka akaimba. Kila mmoja alisema kwa njia aliyokuwa nayo. Aliyenyimwa shule, karatasi na kura, akabaki na koo tu, akalitumia koo hilo kutaja jina la mwuaji: huyo mimi namwita mpigania haki. Wewe mwite utakavyo.

Na jumbani? Kwangu naona hivi. Mtu akiimba jumbani tu, ni mtumbuizaji wa mabwana. Akiimba Ng'ambo tu, mabwana watasema hawakusikia. Yeye alikwenda kote kuwili.

Sasa niseme kwa nini wimbo wa Kijiti ulinichoma.

Hapa kwetu mpakani hatuna bahari, tuna geti. Ukivuka upande wa pili ni Nakonde, Zambia, na ukitaka unaendelea mpaka Kongo. Kuna binti alikuwa akifanya kazi kwenye gesti moja, simtaji. Usiku mmoja dereva wa lori alimpiga akamvunja mkono, akamsukuma kutoka kwenye kichwa cha gari kama gunia. Alfajiri lori lilikuwa limeshavuka. Aliyekamatwa ni rafiki yake, ambaye pia ni rafiki yangu. Kosa lake? Eti yeye ndiye aliyewajulisha, kwa hiyo ni kuwadi. Akalala mahabusu siku nne. Mwenye kosa alikuwa anakula nshima Zambia.

Mimi dereva yule nilimwona. Nilikuwa nimemuuzia mayai jioni ile, manne, akanidai chumvi zaidi. Lori lake nilikuwa nalijua, na namba ya tela pia niliisoma, kwa sababu mimi nina ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa. Nilipoulizwa, nilijibu: “Sijui.”

Kwa nini? Kwa sababu madereva ndio wateja wetu. Neno likisambaa kwamba binti wa mama karanga anachongea madereva, nani atateremsha kioo? Mama ana wadogo zangu watatu wa kusomesha. Na niliona yaliyompata rafiki yangu: anayejua kitu ndiye anayeshikwa. Nikajiambia, funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu akapita kweli, akiwa na leseni daraja la juu.

Kisha nikausikia wimbo wa Kijiti, usiku, kwenye simu ya mkopo, sauti ndogo kama inatoka chini ya kisima. Karibu miaka mia! Mashahidi wamefungwa, mwuaji kavuka. Nikajiona. Ni kama mama yule alikuwa ameniandikia barua akaiposti 1928, ikazunguka Bombay, ikafika Chapwa imechelewa.

Washikaji wenzangu tunaotaka kuandika, mara nyingi maskani tunabishana kuhusu mtindo. Fulani anataka riwaya ya kijasusi, fulani anataka mapenzi ya Dar es Salaam ambako hajawahi kufika. Mimi mwenyewe nilikuwa na daftari mbili za riwaya yenye jambazi wa Nairobi na helikopta. Nimeziweka kando. Bi mkubwa anaweza kuzifungia karanga, ruksa. Siti hakuwa na helikopta. Alikuwa na jina la mtu, mahali, na kilichotokea.

Tena tukumbuke kazi ya Shaaban Robert katika habari hii. Alimfuata Siti akiwa mzee, mwishoni mwa maisha yake, akamwuliza, akaandika. Wasifu huo ulichapwa mara ya kwanza mwaka 1958, baadaye ukawa kitabu cha kusomwa shuleni. Mshairi mkubwa kama yule angeweza kumwandikia gavana, au Sultani. Akamwandikia muuza vyungu. Bila yeye tungebaki na santuri zinazochakaa na fununu. Sauti ilihitaji kalamu.

Na haikufa. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kuimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, akazifikisha Ulaya na kwingineko. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Hawakuliita Sauti ya Sultani.

Nimebakiza moja. Mwezi uliopita nilikwenda kwa rafiki yangu nikamwambia nilichokuwa najua siku zote. Nilitegemea anitukane. Alinyamaza, akaendelea kumenya viazi, ndoo nzima. Mwisho akasema, “Mimi siku nne nilihesabu mbao za dari, zilikuwa kumi na saba. Wewe ulikuwa unahesabu namba ya tela.”

Sikuwa na jibu.

Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akasema twende. Tulikwenda wawili, pamoja na yule binti ambaye mkono wake haunyooki vizuri mpaka leo. Niliandika maelezo yangu kurasa mbili, na namba ya tela nikaitaja tarakimu zote. Aliyetupokea aliyasoma, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwambia niliogopa. Akayaweka ndani ya jalada. Hadi ninapoandika haya hatujaitwa.

Mama nimemwambia pia. Alikaa kimya, kisha akanipa karatasi zilizobaki za sanduku la mjomba, akasema, “Hizi kaa nazo. Za kufungia nitatafuta nyingine.” Kesho yake tuliamka tukaenda kwenye foleni kama kawaida. Vioo viwili havikuteremshwa. Vingine viliteremshwa.

Riwaya nimeianza upya. Haina jambazi wa Nairobi. Inaanza na mayai manne na chumvi.